Sura ya Tano: Nyumba Inapohamia Taa za LED

Mwenye nyumba anayeamua kuachana na balbu za zamani na kuweka taa za LED hukabiliwa na maswali mawili ambayo maandishi ya kwenye boksi hayayajibu: ni taa ipi ibadilishwe kwanza, na kwa nini taa za aina ileile zidumu kwa miaka katika chumba kimoja na zife baada ya miezi michache katika chumba kingine. Jibu la swali la kwanza limo katika saa ambazo kila taa hukaa ikiwaka, na jibu la swali la pili limo katika joto linaloizunguka taa hiyo. Mambo mengine yanayozungumzwa dukani, kuanzia bei hadi jina la kampuni, yana uzito wake, lakini yanastahili kufuata baada ya haya mawili.

Balbu ya kawaida, ambayo Joseph Swan nchini Uingereza na Thomas Edison nchini Marekani waliifikisha katika hali ya kutumika mwishoni mwa miaka ya 1870, hutoa mwanga kwa kupasha joto uzi mwembamba uliomo ndani ya chupa ya kioo. Uzi huo, ambao tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hutengenezwa kwa metali iitwayo tangsteni, hupata joto la nyuzi zipatazo 2,400 za Selsiasi, na kwa kuwa kitu chochote kinachofikia joto hilo hung'aa, chumba hupata mwanga. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia katika balbu hiyo hutoka kama joto, na kiasi kinachobaki tu ndicho jicho hukiona kama mwanga. Aliyewahi kujaribu kuifungua balbu ya wati 60 mara tu baada ya kuizima anaujua ukweli huo kwa vidole vyake, na wafugaji wa kuku wameutumia kwa miaka mingi kuwapa joto vifaranga, kazi ambayo balbu hiyo huifanya vizuri kuliko ile iliyotengenezewa.

Taa za florisenti, yaani zile ndefu za mirija zinazoitwa tyubu laiti pamoja na ndugu zao waliosokotwa ambao wengi huwaita enaji seva, zilipunguza upotevu huo kwa njia tofauti. Ndani yake mna mvuke wa zebaki ambao, ukipitishiwa umeme, hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana, na miale hiyo inapougonga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, unga huo huigeuza kuwa mwanga. Enaji seva ya wati 14 huweza kushika nafasi ya balbu ya wati 60, na kwa sababu hiyo mashirika ya umeme katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki yaligawa taa hizo kwa wateja wao katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakati ukame ulipokuwa umepunguza maji katika mabwawa ya kuzalishia umeme. Zilikuwa hatua kubwa mbele, lakini zilibeba zebaki ndani yake, jambo litakalorejewa baadaye katika sura hii.

LED, kwa upande wake, ni diodi, yaani kipande kidogo cha nusukipitishi, aina ya mata inayopitisha umeme kuliko kioo lakini si kwa wepesi wa shaba. Kipande hicho huwa na tabaka mbili zilizogusana, moja ikiwa na ziada ya elektroni na nyingine ikiwa na upungufu wake, na umeme unapozisukuma elektroni kuvuka mpaka wa tabaka hizo, kila elektroni inayotua upande wa pili huiachilia nishati yake kwa umbo la mwanga. Hakuna uzi unaopashwa joto wala mvuke unaochokozwa, na rangi ya mwanga hutegemea mata ambayo diodi imetengenezwa kwayo.

Utegemezi huo wa rangi kwa mata ndio ulioichelewesha LED kuingia majumbani kwa miaka 30. Nick Holonyak, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alitengeneza diodi yenye mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962, na kwa muda mrefu baada ya hapo LED zilibaki kuwa vitaa vyekundu na vya kijani vya kuonyesha kwamba redio imewashwa. Mwanga mweupe hauwezi kupatikana bila buluu, na mata iliyokuwa na uwezo wa kutoa buluu, iitwayo galiamu nitraidi, ilikuwa na fuwele zilizokataa kuoteshwa bila kasoro, kiasi kwamba maabara nyingi kubwa ziliiacha na kugeukia mata nyingine. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano katika Chuo Kikuu cha Nagoya hawakuiacha, wala Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia iliyokuwa mbali na miji mikuu ya Japani, ambaye aliunda mwenyewe sehemu za mtambo wa kuoteshea fuwele hizo. Mwaka 1993 Nichia ilitangaza diodi yenye buluu angavu, na mwaka 1996 kampuni hiyo ikaleta LED nyeupe, ambayo kwa hakika ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa utando wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga huo, ili buluu na njano zikichanganyika jicho lizipokee kama nyeupe. Utando huo wa njano unaonekana waziwazi katika LED yoyote iliyozimwa. Watafiti hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, nao waliistahili, kwa kuwa mambo machache katika fizikia ya nusu karne iliyopita yamefika haraka kiasi hicho kutoka maabara hadi kwenye dari za nyumba za watu wa kawaida.

Kubadilika huko kwa namna ya kutoa mwanga kumevuruga kipimo ambacho wanunuzi walikizoea. Kwa zaidi ya miaka 100 ukubwa wa taa ulitajwa kwa wati, ingawa wati hupima umeme unaoliwa na si mwanga unaotolewa, na hesabu hiyo haikumdhuru mtu kwa sababu balbu zote zilipoteza umeme kwa kiwango kinachokaribiana. Mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na balbu ya kawaida ya wati 60 hutoa lumeni zipatazo 700, ilhali LED nzuri ya wati 8 au 9 hutoa lumeni 800 hivi. LED mbili zilizoandikwa wati 9 kila moja zinaweza kutofautiana sana, moja ikitoa lumeni 600 na nyingine 900, na mnunuzi anayeuliza wati peke yake hawezi kuzitenganisha. Boksi lisilotaja lumeni linamnyima mnunuzi taarifa aliyoihitaji kuliko zote, na ni haki yake kulirudisha kwenye rafu. Kibaya zaidi ni kwamba zipo taa zinazoandikwa wati 15 au 20 ilhali zinatumia nusu ya hizo, si kwa kuwa zina ufanisi, bali kwa kuwa zimeandikwa uongo, na mwanga wake huwa hafifu kama inavyotarajiwa.

Faida ya kubadilisha taa hupatikana kwa kuzidisha wati zinazookolewa kwa saa za kuwaka, na ni katika kuzidisha huko ndipo saa hudhihirisha uzito wake. Balbu ya wati 60 iliyowekwa nje kwa ajili ya ulinzi, ikiwaka tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, hula wati-saa 720 kwa usiku mmoja, ambazo kwa siku 30 hufikia kilowati-saa 21.6, yaani uniti 21.6 kwa lugha ya kila mnunuzi wa umeme. LED ya wati 9 mahali pale pale ingetumia uniti 3.24, na uniti zaidi ya 18 zingebaki kwenye mita. Balbu kama hiyo iliyomo stoo, ambako huwashwa kwa dakika kumi kwa siku, hula uniti 0.3 kwa mwezi mzima, hivyo kuibadilisha kunaokoa robo ya uniti tu. Nyumba nyingi huanza na sebule kwa sababu wageni huiona, na huiacha taa ya nje hadi mwisho kwa sababu hakuna anayekaa chini yake, ilhali hesabu inataka kinyume chake kabisa.

Fedha zinazolingana na uniti hizo hutegemea kundi la bei, na hapa mazingira ya Tanzania yana jambo ambalo vitabu vya kigeni kuhusu taa hizi haviwezi kulieleza. Katika mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, bei zilizopangwa mwaka 2016 ziliwaweka wateja wadogo wa majumbani katika kundi la D1, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayovuka hapo huuzwa kwa shilingi 350, huku wateja wa kundi la T1 wakilipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ile ya mdhibiti EWURA ya asilimia 1, bei hizo huwa shilingi 122, 427 na takriban 356. Mpangilio kama huo wa ngazi upo pia Kenya, ambako tangu Aprili 2023 wateja wa majumbani wamegawanywa kwa mipaka ya uniti 30 na uniti 100 kwa mwezi.

Ichukuliwe nyumba yenye taa sita: ya nje inayowaka kwa saa 12, ya sebuleni kwa saa 5, ya jikoni kwa saa 3, za vyumba viwili vya kulala kwa saa 2 kila kimoja, na ya bafuni kwa saa moja. Jumla yake ni saa 25 za taa kwa siku. Zikiwa zote ni balbu za wati 60, mwanga peke yake utakula uniti 45 kwa mwezi, na familia iliyo kwenye D1 itabakiwa na uniti 30 za kuendeshea friji, feni, televisheni, pasi na chaja za simu, kiasi ambacho friji peke yake huweza kukimaliza. Zikiwa LED za wati 9, mwanga utatumia uniti 6.75, na zaidi ya uniti 68 zitabaki kwa kazi nyingine. Kwa familia hiyo taa hazipunguzi gharama ya mwanga tu, kwa kuwa huamua iwapo friji itaendeshwa kwa umeme wa shilingi 122 au wa shilingi 427. Ndiyo sababu si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara kwa mara, kwamba LED ni anasa ya wenye uwezo. Mwenye kipato kidogo aliye karibu na mpaka wa uniti 75 ndiye anayezihitaji kuliko wote.

Hesabu hiyohiyo hutoa ushauri tofauti kabisa kwa nyumba ambayo tayari inatumia enaji seva. Taa sita za wati 14 hutumia uniti 10.5 kwa saa zilezile, hivyo kuzing'oa zote kwa siku moja na kuweka LED kutaokoa uniti 3.75 kwa mwezi, ambazo kwa mteja wa T1 ni kama shilingi 1,300. Kuzitupa taa zinazofanya kazi vizuri kwa ajili ya kiasi hicho si busara ya kifedha, na njia inayofaa ni kuibadilisha ile ya nje sasa na kuziacha nyingine zimalize maisha yake. Nyumba ambayo imekwisha kuhama kikamilifu, kwa upande mwingine, isitarajie miujiza zaidi kutoka kwenye taa. Pasi ya wati 1,000 inayotumika kwa saa moja hula uniti moja nzima, na kwa uniti hiyo LED ya wati 9 ingewaka kwa saa 111.

Katika hesabu zote hizi imechukuliwa kwamba taa itaishi muda ulioandikwa, na hapo ndipo joto linapoingia. LED haitoi joto la kuunguza mkono, lakini si kweli kwamba haitoi joto. Zaidi ya nusu ya umeme wake bado hugeuka joto, na tofauti ni kwamba joto hilo halitoki mbele pamoja na mwanga kama lile la balbu ya uzi, bali hubaki nyuma ya diodi na lazima liondolewe kupitia mwili wa taa. Uzi wa tangsteni hupenda joto, ilhali diodi huzeeshwa nalo. Muda wa saa 15,000 au 25,000 unaotajwa kwenye boksi kwa kawaida ni muda ambao mwanga unakadiriwa kushuka hadi asilimia 70 ya ulivyokuwa taa ikiwa mpya, nao hupimwa katika maabara yenye hewa ya joto la wastani, si ndani ya globu ya kioo iliyofungwa chini ya dari ya nyumba ya mabati iliyochomwa na jua la Dar es Salaam mchana kutwa.

Ikifunguliwa balbu ya LED iliyokufa, kwa kukizungusha na kukibandua kifuniko cheupe cha plastiki, mara nyingi chanzo cha kifo huonekana kwa macho. Juu ya sahani nyembamba ya alumini hupangwa diodi za mraba zenye utando wa njano, kwa kawaida zikiwa kumi hivi au zaidi, na mojawapo huwa na kitone cheusi katikati. Kwa kuwa diodi hizo zimeunganishwa kwa mfuatano, umeme ukitoka moja ukiingia nyingine, kufa kwa moja hukata njia ya zote, na balbu yenye diodi nzima tisa huzimika kwa sababu ya ile ya kumi. Baadhi ya mafundi wa mitaani huifufua kwa kuiziba diodi iliyoungua kwa risasi ya kulehemu ili umeme uiruke, na balbu huwaka tena kweli, lakini mzigo uliokuwa wa diodi kumi sasa hubebwa na tisa, ambazo katika balbu za bei nafuu hupata joto zaidi ya awali na kwa kawaida hazikawii kufuata. Pasipoonekana kitone cheusi, mara nyingi tatizo huwa katika kiendeshi, yaani sakiti ndogo iliyofichwa kwenye shingo ya balbu, ambayo kazi yake ni kuubadilisha umeme wa volti 230 unaogeuka mwelekeo kuwa umeme mtulivu wa mkondo mmoja. Humo mna kapasita yenye umbo la pipa dogo, ambayo ndani yake mna majimaji yanayokauka kwa joto, na kichwa chake kilichovimba ni ushahidi kwamba taa ilikuwa ikipikwa.

Mafunzo yanayotokana na balbu hiyo iliyofunguliwa ni ya moja kwa moja. Kwenye globu iliyofungwa iwekwe taa ya wati chache zaidi, au globu yenyewe iachiwe nafasi ya kupumua. LED nzito yenye shingo ya alumini ipewe kipaumbele mbele ya ile nyepesi ya plastiki tupu, kwa sababu uzito huo ndio unaobeba joto kulitoa nje. Na penye haja ya mwanga mwingi, taa mbili za wati 9 zilizotengana zitadumu kuliko moja ya wati 18 iliyojibana. Jambo la nne linahusu umeme wenyewe, ambao katika mitaa mingi hupungua nguvu jioni watu wanapopika na kuchomeka vifaa, kisha hurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Boksi la taa hutaja volti ambazo kiendeshi kinaweza kuzistahimili, na taa iliyoandikwa kuanzia volti 170 hadi 250, au zaidi ya upana huo, itawaka bila kuyumba pale ambapo ile iliyoandikwa 220 hadi 240 itapepesa na kufa mapema.

Taa za LED zina tabia nyingine ambayo huwashangaza wengi, nayo ni kuendelea kuwaka kwa mwanga hafifu sana baada ya swichi kuzimwa. Mara nyingi taa yenyewe haina kosa. Wakati mwingine swichi huwa na kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, na umeme mchache unaopita katika kitaa hicho hutosha kuiamsha LED, ingawa usingetosha kamwe kuupasha joto uzi wa tangsteni. Sababu nyingine ni ya hatari, nayo ni kwamba fundi aliyefunga nyaya aliipitisha swichi kwenye waya wa nyutro, unaorudisha umeme, badala ya waya wa laivu, unaouleta. Katika nyumba iliyofungwa hivyo kuzima swichi huzima taa lakini hakuondoi umeme kwenye holda, na mtu anayepanda kitini kubadilisha balbu akiamini kwamba pako salama huwa anagusa mahali penye volti 230. Balbu za zamani ziliificha kasoro hiyo kwa miaka, na LED huifichua. Anayeuona mwanga huo hafifu asikimbilie kuilaumu taa. Azime meni swichi kabla ya kugusa holda yoyote na amwite fundi umeme aje na testa akague kila swichi.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa tyubu laiti. Mrija wa florisenti wenye urefu wa mita 1.2 hutumia wati 36, na choki inayouendesha huongeza wati kadhaa juu yake, kwa hiyo mrija wa LED wa wati 18 huokoa zaidi ya nusu. Lakini mirija ya LED haifungwi kwa namna moja. Ipo inayopokea umeme upande mmoja tu, ipo inayoupokea pande zote mbili, na ipo inayowekwa kwenye fremu ya zamani bila kugusa nyaya ila kwa kubadilisha stata tu na ile iliyokuja pamoja na mrija. Mrija wa aina moja ukifungwa kwenye nyaya zilizoandaliwa kwa aina nyingine, matokeo yake huwa kutowaka au shoti, na kwa sababu hiyo mchoro ulioandikwa kwenye mrija unapaswa kufuatwa, na choki isiyotumika tena itolewe kwenye mzunguko.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na mpangilio wake huenda kinyume na hisia, kwani namba ndogo ya 2,700 au 3,000 ni mwanga wa manjano uliokaribiana na ule wa balbu za kale, na namba kubwa ya 6,500 ni mweupe wenye ubuluu. Wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki huchagua 6,500 kwa imani kwamba ni mkali zaidi, ilhali ukali umo katika lumeni. Mweupe wa namna hiyo unafaa jikoni na mahali pa kazi, lakini buluu yake nyingi huchelewesha usingizi, hivyo si chaguo zuri kwa chumba cha kulala. Kwa taa ya nje ipo sababu ya ziada ya kupendelea manjano, kwa kuwa wadudu wengi huvutwa zaidi na buluu, na baraza lenye taa ya kelvini 2,700 hupata kumbikumbi wachache kuliko lenye taa nyeupe mvua zinapoanza.

Suala la mtoto anayesoma usiku linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa familia nyingi hulishughulikia kwa kununua taa kubwa ya dari. Mwanga unaotua juu ya eneo hupimwa kwa laksi, na laksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Katika chumba cha mita 3 kwa 4, lumeni 800 zikitandazwa zote sakafuni bila hata moja kupotea zingetoa laksi 67 tu, ilhali kusoma kwa raha kunataka laksi zisizopungua 300. Kuifikia namba hiyo kutoka darini kungehitaji taa nne au tano za wati 9. Taa ndogo ya meza ya wati 4, ikiwa nusu mita kutoka kwenye daftari, huifikia bila shida, kwa sababu umbali kati ya taa ndogo na karatasi ukipunguzwa kwa nusu, mwanga unaotua huongezeka mara nne. Kuta zilizopakwa rangi nyeupe husaidia pia, kwani hurudisha chumbani mwanga ambao kuta za kahawia zingeumeza.

Enaji seva na mirija inayotolewa nayo inahitaji kushughulikiwa kwa heshima, kwa kuwa kila moja ina miligramu chache za zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walisumishwa na metali hiyo, umezilenga taa hizi, na mwaka 2023 mjini Geneva nchi wanachama zilikubaliana kwamba utengenezaji wa taa za florisenti na uingizaji na uuzaji wake nje ukome ifikapo 2027. Taa ya aina hiyo ikivunjika ndani ya nyumba, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe, vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu na vumbi linaloganda lichukuliwe kwa utepe wa gundi, kisha vyote vifungwe kwenye chombo chenye mfuniko. Ufagio usitumike, kwa kuwa hutawanya zebaki hewani. Taa nzima zisichomwe na takataka nyingine uani, desturi ambayo bado ipo katika mitaa mingi na ambayo humwagia jirani sumu ile ile.

Baada ya kazi kukamilika, mwenye nyumba ana njia ya kuthibitisha matokeo bila kununua kipimo chochote. Kwenye uso wa mita mna kitaa kidogo chekundu kinachopiga kila umeme unapotumika, na kando yake huandikwa idadi ya mapigo kwa kilowati-saa moja. Ikiwa imeandikwa 1,000, kila pigo ni wati-saa moja, na kinachohitajika ni kuchomoa vifaa vyote, friji na chaja zikiwemo, kuwasha taa peke yake na kushika saa. Balbu ya zamani ya wati 60 hukipigisha kitaa hicho mara moja kila dakika, na LED moja ya wati 9 mara moja kwa karibu dakika saba. Taa zote sita za nyumba iliyotajwa hapo juu, zikiwashwa kwa pamoja, zinapaswa kuleta pigo moja kila baada ya sekunde 67, yaani polepole kuliko balbu moja iliyokuwa nje. Mapigo yakija upesi kuliko hapo, ama kuna kifaa kilichosahaulika kwenye soketi, ama kuna taa ambayo wati zake si zile zilizoandikwa, na kwa kuzizima moja baada ya nyingine itajulikana ni ipi ya kurudishwa dukani.